Unamkaba Nani?

Kwa wasiowahi kusimama upande wa jukwaani, sehemu ngumu ya harusi ya Dar si keki wala shampeni. Ni zawadi. MC anaita ukoo wa bwana harusi, wanaingia kuanzia mlangoni kabisa wakicheza. Mbele shangazi kajitwisha sufuria, nyuma vijana wamebeba friji, na hakuna anayetaka kufika haraka kwa sababu kamera ya video iko pale. Wakimaliza, wanaitwa wa upande wa mama. Halafu wafanyakazi wenzake. Halafu majirani. Halafu kamati yenyewe. Muda wote huo bendi haiweki chombo chini. Gitaa la solo linaweza kunyamaza likapumua, mwimbaji anaweza kugeuka akanywa maji. Besi, ninayoipiga mimi, ikinyamaza, shangazi mwenye sufuria anasimama katikati ya ukumbi na kuanza kuangalia huku na huku.

Mwaka jana mwezi wa nane tulikuwa ukumbi mmoja Tabata. Kundi la nne linaingia, mimi ndani ya noti zilezile nne kwa zaidi ya nusu saa, nikasikia kitu upande wa gumba la mkono wa kushoto, pale kwenye kifundo. Si uchovu. Uchovu naujua. Huu ulikuwa kama mtu anaingiza sindano ya kushonea magunia, anaitoa, anaiingiza tena, na kila nikihamia uzi mwingine anaizungusha. Nikamaliza zawadi kwa kupiga nyuzi wazi zaidi ya ninavyopenda. Hakuna mgeni aliyegundua. Mpiga rithimu aligundua, akanikata jicho.

Saa sita usiku nimefunga gitaa mgongoni, nawasha pikipiki nirudi Gongo la Mboto, vidole vinakataa kuvuta klachi. Nikajaribu mara tatu. Mwishowe nikamwachia mlinzi pikipiki, nikarudi kwa bajaji, gitaa mapajani, mkono wa kushoto nimeupakata kama si wangu.

Napiga besi mwaka wa kumi na tatu sasa. Maumivu ya ngozi nilishamalizana nayo zamani, na kwa anayeanza nitayasema upesi: malengelenge kwenye ncha za vidole yatakuja, usiyapasue, pumzika siku mbili tatu, yatageuka sugu. Ila futa nyuzi kwa kitambaa kikavu kila ukimaliza. Jasho letu na hewa ya bahari hula chuma, na uzi wenye kutu ni msasa. Hayo ni ya ngozi, na ngozi hujifundisha yenyewe. Mimi la kwangu lilikuwa chini ya ngozi.

Wiki ya kwanza nilifanya anachofanya kila mtu. Zahanati moja ya jirani waliniandikia vidonge vya maumivu bila kunigusa mkono, bila hata kuniuliza nafanya kazi gani. "Ni mishipa hiyo." Nikameza, maumivu yakalala, nikaenda kupiga Jumamosi mbili mfululizo nikidhani nimepona. Hapo ndipo nilipojiharibia kabisa. Dawa haikuondoa kitu, ilizima kengele tu, na mimi nikaendelea kukisugua kilekile kilichovimba.

Jirani akaniletea mafuta ya kuchua. Mpiga rithimu akanishauri, kwa sauti ya chini, niangalie vizuri nani anataka kiti changu kwenye bendi. Mmoja wa kwaya akasema maji ya moto na chumvi. Mama watoto ndiye aliyeniambia la maana, na hakuwa hata akijibu swali langu. Aliniona nashindwa kumnyanyua mtoto, akacheka.

"Baba watoto, hiyo si ndiyo iliyonishika mimi nilipokuwa nanyonyesha? Hapo hapo. Nilikuwa nafunga kipande cha khanga."

Nilikuwa nimesahau kabisa. Kumbe ndani ya nyumba moja tumeugua ugonjwa mmoja.

Basi nikaenda kwa dada mmoja wa fiziotherapia. Huyu aliuliza maswali kabla ya kushika chochote. Akaniambia nifiche gumba ndani ya ngumi, kisha niinamishe ngumi taratibu kuelekea upande wa kidole kidogo. Nilifika nusu tu, nikaruka kwenye kiti. Akasema jina la daktari wa upasuaji wa Uswisi, Fritz de Quervain, aliyeuelezea ugonjwa huu mwaka 1895. Kano mbili za gumba, zile kamba zinazofunga msuli kwenye mfupa, zinapita kwenye ala nyembamba hapo kwenye kifundo. Ukizitumia vibaya mara nyingi, ala inavimba na kuwa nene, kano zinakwaruzana humo ndani kama kamba kwenye tundu dogo. Akina mama wenye watoto wachanga huupata sana, kwa ile namna ya kumnyanyua mtoto makwapani huku gumba limetanuka. Nikamsimulia khanga ya mama watoto, akafurahi kuliko mimi.

Hapo nikaelewa kwa nini neno "mishipa" linatuponza. Kwetu kila kitu cha mkono ni mshipa. Kano ni mshipa, neva ni mshipa, njia ya damu ni mshipa. Lakini haviumi namna moja na havitibiwi namna moja. Dada yule alinipa dira ninayoitumia mpaka leo kwa vijana wanaonifuata. Ukifa ganzi au kuhisi sindano sindano kwenye gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya cha pete, hiyo ni neva inayopita katikati ya kifundo. Inapita kwenye handaki moja na kano tisa za kukunja vidole, na ukikunja kifundo sana unaibana. Ganzi ikiwa kidole kidogo na nusu ya pili ya cha pete, tafuta tatizo kwenye kiwiko, si kwenye vidole. Misuli ya kiganja kuchoka, ukilala ukaamka imeisha, hiyo haina neno. Lakini maumivu makali ya mahali pamoja, au ganzi inayokuamsha usiku, weka gitaa chini uende kwa anayejua.

Kisha akauliza, "Kaka, kazi ya mchana?"

"Nasambaza vifurushi kwa pikipiki. Nachukua Kariakoo, napeleka popote."

"Klachi iko mkono gani?"

Nikanyamaza. Miaka kumi na tatu ya besi na minane ya pikipiki, sijawahi kuviweka sentensi moja. Kesho yake nilijaribu kuhesabu mara ninazovuta klachi kutoka Gongo la Mboto kwenda mjini. Ukonga Mombasa, Banana, Majumba Sita, Uwanja wa Ndege. Nilipokaribia daraja la Mfugale pale Tazara nilikuwa nimepita mia mbili, hesabu ikanipotea. Na hapo sijaingia Kariakoo. Vidole vinne vinavuta, gumba limekaza mpini, pikipiki inatetemeka, halafu jioni mkono uleule unaenda kukaba shingo ya gitaa. Waya wenyewe wa klachi, fundi alipoufungua, ulikuwa mkavu kama ukuni. Kuubadilisha na kuupaka mafuta kulinigharimu kidogo kuliko vidonge. Siku hizi nikisimama kwenye foleni naweka gia huru, sishikilii klachi kusubiri taa. Hilo peke yake nadhani ni nusu ya dawa.

Nusu nyingine ilikuwa besi, na ilinichukua muda mrefu zaidi kuikubali kwa sababu ilinigusa heshima.

Nilivaa kifaa cha kushikilia gumba wiki sita. Wiki tatu za kwanza sikushika gitaa kabisa, nafasi yangu akakaa deiwaka, mpigaji wa kushikilia kwa muda, kijana wa Kitunda mwenye vidole vyepesi na adabu nyingi. Adabu yake ndiyo iliyonitia hofu. Deiwaka mwenye kiburi huwa anafukuzwa mwenyewe, lakini huyu alikuwa anasalimia hadi mke wa kiongozi wa bendi. (Wengine, ugonjwa ukikataa, huchomwa sindano ya steroidi hapo kwenye ala, na wachache hufanyiwa upasuaji mdogo wa kuifungua. Mimi sikufika huko.)

Wiki ya nne nilienda mazoezini Buguruni kukaa tu. Alikuwapo mzee mmoja anayetutembelea mara mojamoja. Amekulia kwenye besi za dansi, enzi bendi za Msondo na Sikinde zimegawana mji na bendi inapiga mpaka watu waishe. Nikampa shikamoo, akaitikia, akauona mkono umefungwa. Akaniambia nipige kidogo, taratibu, aone. Nikapiga. Hakuniacha nifike hata kipande cha pili.

"Mwanangu, unamkaba nani?"

Vijana wakaangua kicheko. Akaniambia nitoe noti. Nikatoa elfu mbili. Akaikunja, akaiingiza kati ya gumba langu na mgongo wa shingo ya gitaa, akasema nipige, na kwamba akiivuta ikakataa kutoka, basi anaenda nayo kunywea supu. Nikapiga. Akavuta. Noti ilikwama kama imegongwa msumari. Akanitazama kwa huruma, akasubiri nimalize, akaichukua. Sijaiona tena.

Baadaye aliniketisha akanionyesha kwa makini. Kwanza, toa gumba kabisa, liache hewani, na upige. Nikamwambia haiwezekani. Akapiga yeye, gumba linaelea, noti zimenyooka. Nguvu ya kushusha uzi haitoki kwenye kubana. Unaegemeza mwili wa gitaa kwenye mbavu kwa mkono wa kulia, na mkono wa kushoto unaning'inia kwenye nyuzi kwa uzito wake wenyewe, kama mtu aliyetundika mkono kwenye kamba ya kuanikia nguo. Gumba linakuja baadaye, kukaa tu, likitazamana na kidole cha kati.

Pili, gusa uzi bila kuukandamiza, sauti itakuwa imekufa. Ongeza kidogo, utasikia mkwaruzo. Ongeza kidogo tena mpaka noti isafike. Simama hapo hapo. Hicho ndicho kiasi, na mimi nilikuwa natumia labda mara tatu yake. Kidole kikikaa karibu kabisa na freti, vile vyuma vilivyokingama kwenye shingo, kiasi hicho kinapungua zaidi. Nimelifanya zoezi hilo dakika kumi kila asubuhi, kabla ya pikipiki, kwa miezi sasa. Linachosha akili, vidole havijui.

La tatu lilihusu kidole cha pete. Nilikuwa najivunia kutumia vidole vinne kwa freti nne hata kule chini. Lakini pima besi ya kawaida yenye nyuzi za urefu wa inchi 34. Tangu mwanzo wa shingo hadi freti ya nne ni karibu sentimita 18. Kutanua mkono mahali pale, huku kidole cha pete kimefungamana kwa kano na majirani zake na hakitaki kutembea peke yake, ni kujitafutia kesi. Mzee alipiga kama wapigaji wa besi kubwa ya kusimama: cha shahada, cha kati, na kidogo, cha pete kikimsaidia mdogo wake. Ukipanda juu ambako freti zimebanana, tumia vinne upendavyo. Binti mmoja wa kwaya mwenye kiganja kidogo aliniuliza kama afanyeje. Nilimwambia kuna besi fupi za nyuzi za inchi 30, na Paul McCartney wa Beatles alijengea jina lake kwenye besi ya Höfner ya namna hiyo, kwa hiyo asikubali kuambiwa ni za watoto.

Gitaa langu lenyewe nalo lilikuwa na dhambi zake. Nyuzi nne zikikazwa zinavuta shingo kwa nguvu inayozidi kilo 70, na humu mjini mbao inakunywa unyevu kuanzia masika. Shingo ilikuwa imepinda, nyuzi zimepanda. Pale freti ya kumi na mbili nilipima milimita nne na ushee. Fundi alikaza kile chuma kilichomo ndani ya shingo, robo mzunguko, akaacha mpaka kesho, akakaza kidogo tena, kisha akashusha vile vipande vya upande wa pili vinavyobeba nyuzi. Sasa ni milimita mbili na nusu. Pia alichimba kidogo mifereji ya kile kipande cheupe cha juu ambapo nyuzi zinapita, maana freti ya kwanza ilikuwa inahitaji nguvu kama ya kufungua chupa. Nikabadilisha na nyuzi, nikachukua nyembamba zaidi. Mpiga rithimu akasema wakubwa walipigia nyuzi nene na hawakulialia. Ni kweli, James Jamerson, mpiga besi wa Motown ya Marekani, alipigia nyuzi nene zilizopanda juu, na mkono wa kulia alitumia kidole kimoja tu. Lakini Jamerson hakuwa na klachi ya kuvuta kutoka Gongo la Mboto.

Mkanda nao niliurefushia mitindo tangu ujana, gitaa linaning'inia magotini kama la watu wa video. Hapo kifundo cha kushoto lazima kikunjike. Nimeufupisha mpaka gitaa likae palepale nikisimama au nikikaa, nikanunua mpana. Mizani ya duka la mchele ilisema gitaa ni kilo nne na robo. Kwa saa tano si mchezo kwenye bega.

Lakini nikitafuta shina la yote, nililipata kwa fundi mitambo wa sauti, na hili sijaliona likisemwa vya kutosha. Nilikuwa nabana kwa sababu nilikuwa sijisikii. Spika yangu ilikaa sakafuni, sauti inapiga ndama za miguu. Ngoma ziko kushoto, kinanda kulia, mwimbaji anataka sauti yake iongezwe. Nisipojisikia, mkono wa kulia unang'oa nyuzi. Mkono wa kulia ukipiga kwa nguvu, wa kushoto nao unakaza bila kuambiwa, ni ndugu hao. Kwa hiyo kila kitu kilikuwa kinaanzia sikioni. Niliomba makreti mawili ya soda jikoni kwa wapishi, nikaipandisha spika juu yake, nikaielekeza usoni kwangu. Siku ya kwanza nilishtuka kujisikia. Nikapunguza nguvu ya mkono karibu nusu, na kiongozi wa bendi akauliza kama nimebadilisha amplifaya.

Fundi mitambo hapendi makreti yangu, anasema yanaharibu mpangilio wa jukwaa. Tunasuguana kila Jumamosi. Anashusha, napandisha.

Gumba halijarudi kuwa la zamani. Asubuhi za mvua linanikumbusha, na kukamua nguo bado namwachia mtu mwingine, jambo ambalo mama watoto ana mashaka nalo. Kabla ya kupanda jukwaani napasha mikono moto, nafungua na kufunga vidole dakika tano, kisha nyimbo mbili za mwanzo napiga noti chache. Kila tukimaliza wimbo naangusha mkono chini, nauacha uning'inie.

Jumamosi hii tuna harusi Ukonga. Kamati imeshatuonya kwamba zawadi zitaingia makundi sita, na kundi la mwisho lina mbuzi. Nimempigia deiwaka wa Kitunda aje saa mbili na gitaa lake. Makundi matatu yake, matatu yangu. Lile la mbuzi amelitaka yeye.